Wewe Nani?

Mara ya kwanza nilipomsikia Lupita Nyong'o akizungumza, alizungumza kwa sauti ya mwanamume.

Ilikuwa Juni 2018, Uyole, Mbeya, kwenye kibanda cha video nyuma ya maduka ya mbolea. Kiingilio shilingi 500, na kaka yangu ndiye aliyenilipia, kwa sababu nilikuwa likizo ya kidato cha tano na mfukoni sikuwa na kitu. Filamu ilikuwa Black Panther. Kama filamu zote za pale, ilikuwa imetafsiriwa, maana yake mtu mmoja amekaa mbele ya kipaza sauti akasimulia kila kitu kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, ambazo zimepunguzwa mpaka zinasikika kama ugomvi wa majirani. Wakubwa zetu walikuwa na Lufufu, gwiji wa kazi hiyo. Sisi tulikuwa na waliomuiga. Huyu wa siku ile alikuwa na sauti ya mtu aliyekesha, na kwa sauti hiyohiyo alikuwa mfalme, mama wa mfalme, adui wa mfalme na vifaru wa vitani. Nakia, aliyeigizwa na Lupita, alimwita "demu wa kiongozi". Walipofika Korea Kusini na Nakia akafungua kinywa akaongea Kikorea, mtafsiri alisema, "Hapa wanaongea mambo yao," akanyamaza. Kibanda kizima kilicheka. Nami nilicheka. Lakini katika ule ukimya, kwa sekunde chache, sauti ya chini ilipanda ikasikika: tulivu, ya mwanamke ambaye hana haraka na mtu. Kisha yule bwana akarudi kazini.

Tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia sauti ile. Wengi wameandika juu ya ngozi ya Lupita, na wana haki. Hotuba yake ya mwaka 2014, ile ya kueleza alivyokuwa akimwomba Mungu aamke akiwa mweupe, niliwahi kuwasomea wadogo zangu jikoni wakati mmoja wao ameficha kopo la mkorogo chini ya godoro. Ila mimi habari yake huwa naisikia zaidi kuliko kuiona, na nina sababu zangu.

Sasa nasoma shahada ya umahiri hapa Iringa, Kiswahili, mwaka wa pili, na ada haijilipi. Rafiki yangu wa bwenini alinipeleka kwenye studio moja mjini, chumba cha ghorofani chenye trei za mayai ukutani na blanketi dirishani la kuzuia honi za bajaji. Wanarekodi matangazo ya mbegu, ya vikoba, ya shule binafsi za bweni. Siku hizi mwenye studio ana ndoto kubwa zaidi: kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje na kuwauzia wenye televisheni. Si ndoto ya kijinga. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, wote wakiongea Kiswahili, na leo kuna mabibi wanaowajua Waturuki wa kwenye televisheni kwa majina kuliko wanavyomjua mbunge wao. Alinipa karatasi nikasoma. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Sauti unayo, mdogo wangu. Ila hiyo Mbeya itoe."

Hiyo Mbeya. Sikujua kama ninayo. Nyumbani tunaongea Kinyakyusa, na Kinyakyusa hakina r. Bibi yangu husema "balabala" na "laisi wa nchi". Mimi r ninayo, niliipata shuleni na ilinigharimu viboko, lakini yule bwana aliniwekea rekodi yangu nikaisikia mwenyewe inavyoteleza nikiharakisha. Tena kuna jambo jingine lisilo na herufi, namna sentensi zetu zinavyopanda mwishoni, kana kwamba tunauliza hata pale tunapojibu. Nashindwa kulieleza vizuri. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, na wenzangu wa isimu hunicheka nikijaribu.

Kazi alinipa, hata hivyo. Kwenye tamthilia yake ya majaribio kulikuwa na binti wa kazi za ndani. "Huyu usibadilishe kitu," alisema. "Ongea hivyohivyo ulivyo. Tena zidisha."

Mtanzania yeyote anaujua utani huu. Kwenye vichekesho vyetu mlinzi ni Mmasai, na dada wa kazi katoka Iringa. Anaingia na "kamwene" yake, anaunguza wali, anatoroka na muuza maji. Hapa Iringa nimeitikiana kamwene na wahadhiri, na mahakama nzima ya mwanzo siku nilipofuata hati ya kiapo, lakini kwenye skrini zetu salamu hiyo imefungwa aproni. Na mimi, ambaye si Mhehe na wala si mzaliwa wa Iringa, sauti yangu ya Mbeya ilionekana inatosha. Kwa mtu wa Dar es Salaam Nyanda za Juu Kusini ni sehemu moja yenye baridi na viazi. Nikazidisha. Nilipewa shilingi 40,000, nikalipia nakala za vitabu na deni la kantini.

Skripti haikumpa jina. Iliandikwa DADA.

Majuma hayohayo nilikuwa nasoma habari za Lupita kwa kisingizio cha utafiti. Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, akarudishwa Kenya angali mchanga, akakulia Nairobi, mtoto wa Profesa Anyang' Nyong'o. Akiwa na miaka 14 alikuwa Juliet kwenye jukwaa la Phoenix Players. Baadaye, The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, alifanya kazi ndogondogo nyuma ya kamera, na hapo Ralph Fiennes akamwambia, kwa ufupi, kwamba aigize kama tu hawezi kuishi bila kuigiza. Ushauri wa mtu aliyeshiba, niliwaza, ingawa yeye ameusimulia mara nyingi kana kwamba ulimfaa. Akaigiza kwenye Shuga ya MTV, akatengeneza In My Genes, filamu ya maisha halisi ya watu wenye ualbino nchini Kenya, kisha akaenda Yale kusomea uigizaji. Shahada ya umahiri, kama mimi. Alimaliza mwaka 2012. Mwaka uliofuata ulimwengu ukamwona akiwa Patsey, mtumwa wa shamba la pamba, kwenye 12 Years a Slave, na Machi 2014 akabeba Oscar.

Hayo yote yanajulikana. Kilichonisimamisha ni alichokuja kukieleza baadaye: kwamba baada ya tuzo, kati ya nafasi alizoletewa kulikuwa na za kuwa mtumwa tena, safari hii ndani ya meli ya watumwa. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba. Niliiweka simu chini. Najua Oscar ni Oscar na 40,000 ni 40,000, sijichanganyi. Lakini lile neno nililitambua. Usibadilishe kitu, tena zidisha.

Alichokifanya yeye ni kutoweka. Filamu yake kubwa ya mwaka 2015 ilikuwa ya Star Wars, na humo ni Maz Kanata, kiumbe mwenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, mfupi, amevaa miwani mikubwa, aliyechorwa kwa kompyuta juu ya mienendo na sauti ya Lupita. Watu walikasirika. Tumempata mwanamke mweusi mwenye Oscar, walisema, halafu mnatuletea sauti yake tu? Hoja yao ina uzito, na mpaka leo sijaimaliza kichwani. Lakini yeye alieleza kwamba Patsey alikuwa mwili, na hapa alitaka kazi ambayo mwili wake haumo kabisa. Mwaka 2016 akawa Raksha, mbwamwitu anayemlea Mowgli kwenye The Jungle Book. Baadaye akasimulia kwa Discovery maisha ya wanyama wa Serengeti, hawahawa wa kwetu. Nilikuwa naichukulia kazi ya sauti kama makombo ya kazi ya uso, anayopewa mtu ambaye kamera haikumtaka. Kwa Lupita naona kinyume chake. Akiwa sauti tu aliweza kuwa mkongwe, mama, mnyama, na hakuna aliyempima rangi kwanza.

Katikati ya hayo kuna jukwaa. Angeweza kuchagua tamthilia yoyote. Alichagua Eclipsed, ya Danai Gurira, ambayo aliifahamu tangu mwaka 2009 akiwa Yale, alipokuwa mwigizaji wa akiba, yule anayekariri nafasi ya mwenzake ili mwenzake akiugua aingie. Iliigizwa Public Theater, New York, mwaka 2015, ikahamia Broadway mwaka 2016, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Broadway kuwa na tamthilia iliyoandikwa, kuongozwa na kuigizwa na wanawake weusi peke yao. Inahusu wanawake waliotekwa vitani Liberia, wanaoishi kambini kama "wake" wa kamanda mmoja. Wanaitana kwa namba. Namba Moja. Namba Tatu. Anayeigizwa na Lupita ni mgeni kambini, na kwenye orodha ya wahusika hana jina, ni Msichana tu. Nilipofika hapo nikaivuta skripti yangu kwenye begi nikaiangalia tena. Msichana wa Gurira hana jina kwa sababu vita imelichukua, na tamthilia nzima inajua hilo, inahangaika nalo, wanawake wale wanaulizana majina yao ya zamani na kuyakumbuka kwa shida. Skripti yangu haijui kwamba kuna kitu kimepotea.

Mwaka 2024 Lupita alianzisha podikasti, Mind Your Own, na mwanzoni kabisa anasimulia habari ya lafudhi yake. Akiwa Yale aliamua kujifunza lafudhi ya Kimarekani, kwa sababu alitaka kazi na alijua wanaoajiri wanataka nini. Alijikataza ile ya kwao. Anasema alilia usiku mwingi. Kisha, alipomaliza shule na wakati wa kuitangaza 12 Years a Slave umefika, akawaambia watu wake wa kazi kwamba kuanzia sasa ataongea Kikenya. Ilibidi aitafute. Haikuwa imekaa kabatini ikimngoja.

Mimi sikulia usiku. Nilifurahia, na hilo ndilo linalonisumbua. Kwa miezi miwili nilikuwa napanda Gangilonga jioni, lile jiwe kubwa juu ya mji ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema, nikisoma magazeti kwa sauti, najirekodi, nasikiliza, nafuta, narudia. Vijana waliokuja kupiga picha za machweo walidhani mimi ni mlokole. Mwisho wa miezi miwili nilikuwa na sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari ya saa mbili. R yangu ilikuwa inakwaruza kama wembe. Mwenye studio alinipa tangazo la mikopo, 70,000, akasema, "Sasa huwezi kujulikana umetoka wapi." Alikuwa ananisifu, nami nilishukuru.

Jumapili hiyo nikampigia bibi.

Bibi yangu haoni. Presha ya macho ilianza taratibu, sisi tukadhani ni uzee, na tulipokuja kumpeleka hospitali hakukuwa na cha kuokoa. Ana simu ya vitufe, namba yangu ipo kwenye kitufe cha 2. Watu anawajua kwa sauti na kwa vishindo vya miguu, na hajawahi kukosea. Mtu akipita nje anasema, huyo ni fulani, leo amevaa viatu vya mtu mwingine.

"Shikamoo, bibi."

Kimya.

"Shikamoo, bibi. Hujambo?"

"Wewe nani?"

"Ni mimi, bibi."

"Umekosea namba, mwanangu." Alisema kwa ile adabu anayowawekea watu wa kampuni za simu na watu wa kampeni. Nikataja jina langu. "Huyo yuko Iringa, anasoma," akajibu, akakata.

Nilisimama pale nje ya studio, watu wananipita. Nilipiga tena, na safari hii nilisalimia kwa Kinyakyusa, na nilisikia jinsi ulimi ulivyojikwaa kidogo kabla ya kupata njia. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akauliza kwa nini nilikuwa naongea kama redio. Nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya. Tangu siku hiyo kila nikipiga, kabla ya kuitikia shikamoo, hunirushia neno moja la Kinyakyusa na kungoja, kama mlinzi getini.

Kuna jambo jingine nililofanya, na ningependa kulipita haraka lakini haliwezekani.

Mwaka 2019, kwenye Us, Lupita aliigiza watu wawili, Adelaide na kivuli chake, Red. Red ana sauti ya kutisha, iliyobanwa, kama mtu aliyekabwa shingo na hakuwahi kuachiwa vizuri. Alieleza kwamba aliijenga kutokana na ugonjwa halisi, unaokaza misuli ya koo mtu anapotaka kuongea. Chama cha wagonjwa wenye hali hiyo Marekani kililalamika: mnayachukua maumivu yetu mnamvika mtu wa kutisha. Lupita aliomba radhi hadharani. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliona wagonjwa wale wamezidisha. Msanii atatoa wapi sauti kama si kwa watu?

DADA nilimtoa kwa mtu. Mwenye studio aliposema zidisha, sikuzidisha sauti yangu, nilimtafuta mwingine kichwani. Kulikuwa na binti aliyekaa kwetu Uyole miaka mitatu, aliyetoka kijiji kimoja cha Mufindi. Ndiye aliyekuwa akimshika bibi mkono kwenda chooni macho yalipoanza kufifia. Alikuwa na namna ya kuvuta pumzi kabla ya kujibu, na neno "basi" alilimalizia puani. Aliondoka asubuhi moja na begi lake la nailoni, baada ya maneno ya mshahara ambayo sikuyafuatilia, nilikuwa na mitihani. Jina lake nalijua, silitaji hapa. Niliichukua ile pumzi na ile "basi" nikaviweka kwenye kipaza sauti, na vijana wa studio walicheka mpaka tukarudia kurekodi. Shilingi 40,000. Hajui.

Mwaka 2024, ule wa podikasti, Lupita alikuwa na filamu mbili ambazo napenda kuzitazama pamoja. A Quiet Place: Day One ilitoka Juni. Majitu yasiyoona yameshuka mjini na yanawinda kwa kusikia, kwa hiyo yeye, Samira, mshairi mgonjwa ambaye siku zake tayari zinahesabika, anaipitia karibu filamu yote amefunga mdomo. Uso peke yake. Septemba ikaja The Wild Robot, ambamo uso haupo. Yeye ni Roz, roboti aliyesukumwa na mawimbi mpaka kisiwa kisicho na watu. Roz anaanza na uchangamfu wa kiwandani, sauti safi isiyotoka popote, anawauliza kaa na dubu kama anaweza kuwasaidia. Niliitazama bwenini nikiwa na hedifoni moja nzima na moja iliyokufa, na nilijisikia vibaya, kwa sababu Roz alikuwa anaongea kama tangazo langu la mikopo. Kisha anakaa chini. Siku baada ya siku anakaa kimya, anasikiliza wanyama mpaka lugha zao zimwingie. Anamlea kifaranga wa bata bukini, na polepole, bila kuonyesha ni wapi hasa, sauti inachafuka. Inapata uchovu. Inapata wasiwasi wa mama. Nilirudisha nyuma mara nyingi kutafuta sentensi ambapo mashine inakuwa mtu, sijaipata.

Amesimulia kwamba kazi ile ilimwumiza koo. Uvimbe mdogo kwenye nyuzi za sauti, na akalazimika kunyamaza kwa miezi.

Na mwaka 2025 akarudi jukwaani, kwenye ukumbi wa wazi wa Delacorte, Central Park, New York, katika Twelfth Night ya Shakespeare. Mwongozaji ni Saheem Ali, naye mtoto wa Kenya, anayefahamiana naye tangu ujana wao. Yeye ni Viola, aliyenusurika meli kuzama na kutupwa nchi ya ugenini. Pacha wake anaigizwa na mdogo wake wa tumbo moja, Junior. Mapacha hao wana Kiswahili midomoni mwao. Nimeona vipande tu, kwenye simu. Sisi tunaosoma Kiswahili tunafundishwa kwamba Mwalimu Nyerere alimleta Shakespeare kwetu, Julius Caesar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na tunaambiwa alitaka kuonyesha kwamba lugha yetu inaweza kubeba mzigo ule. Naiheshimu kazi ile. Ila Kiswahili cha Central Park hakikuwa kinabeba mzigo wa kuonyesha kitu. Kilikuwa lugha ya ndugu wawili kati ya watu wasiowaelewa, ile unayoishika mtu akikupotea na unayomtambua kwayo mkionana.

Mwezi uliopita nilikwenda Uyole. Usiku bibi alikuwa amekaa karibu na jiko la mkaa, blanketi mabegani, na akaniuliza ni kazi gani hii ya kuongea inayolipa. Nikaona nimwonyeshe, maana yake nimsikilizishe. Nilianza na Roz, kile kipande cha usiku anapokuwa na kifaranga. Bibi hajui Kiingereza. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande wa simu.

"Huyu ana mtoto mkononi," alisema.

Kisha nikamwekea tangazo la mikopo. Alisikiliza lote, hakusema kitu, akaomba nimsogezee jiko. Nikasita. Halafu, sijui kwa nini, nikamwekea DADA. Labda nilitaka acheke. Ni dakika mbili hivi: binti ameunguza wali, anajitetea kwa mama mwenye nyumba. Ikafika ile pumzi, ikafika ile "basi".

Bibi aliinua mkono kunizuia nisiongee. Uso ulifunguka wote. Akataja jina, jina la yule binti wa Mufindi, kwa sauti, kama anamwita kutoka uani.

"Umemwona wapi?" akaniuliza. "Yuko Iringa? Ameshaolewa? Mbona anagombezwa, huyo mama anayemgombeza ni nani?"

Nilisema ni mimi, bibi, nilikuwa naigiza. Hakuelewa, au alielewa akaona si jibu. Aliniambia nikirudi nimsalimie, nimwambie aje, nauli atapewa.

Asubuhi nikapanda basi. Tulipopita Igurusi simu ililia. Mwenye studio: kuna wateja wamesikia majaribio, wameipenda sana ile sehemu ya dada wa kazi, wanataka vipindi 10 zaidi, yeye ndiye awe kichekesho cha kila mwisho wa kipindi, Jumatano saa tatu asubuhi, tutaongea hela. Nilipiga hesabu ya ada. Inatosha ya muhula mzima na inabaki. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mpaka Chimala. Mwisho nikamtumia swali moja: huyu dada ana jina?

Alama mbili za bluu zilitokea papo hapo. Tukapita Igawa, tukapita Halali, mtandao ukakatika, ukarudi. Makambako tulishuka kula, nikanunua mahindi ya kuchemsha. Alikuwa hajajibu.